Picha ya Siku ya Kumi

Siku ya kumi simu ya Clotilde ilikataa. Alikuwa amejifungia chumbani, dirisha amelifunika kwa kitenge, mkono wa kushoto ameuinua juu ya kichwa, wa kulia umeshika simu, na kidonda kiko palepale chini ya kwapa kikitoa maji yake ya manjano kama kawaida yake. Akabonyeza. Simu ikaandika kwa Kifaransa kwamba nafasi imejaa, hakuna picha nyingine inayoweza kuingia. Akabonyeza tena kwa hasira, nayo ikarudia maneno yaleyale.

"Imejaa na nini?" aliiuliza. "Niliweka nini minyi?"

Harufu ya kidonda ilikuwa imeshajaa chumbani. Clotilde alishusha mkono, akabandika chachi na plasta, akavaa blauzi mbili, moja juu ya nyingine.

Kidonda kilianza kama jipu, likafuatwa na la pili na la tatu, kisha yote matatu yakatobokeana ndani kwa ndani. Dada yake Déborah, muuguzi kule Lubumbashi, alimpa jina la dawa na amri moja: kila siku, saa ileile, apige picha na kumtumia. Baada ya siku kumi daktari angezitazama zote kwa pamoja na kusema kama Clotilde apande treni akapasuliwe au abaki nyumbani. "Haiambukizake," Déborah aliandika, na akaandika tena, kwa sababu alimjua mdogo wake. "Funika muzuri, unawe, utumike kazi yako."

Hakuna mtu mwingine aliyejua. Clotilde alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni, wa kusuuza kikombe kilichoshasuuzwa, wa kuinuka mezani akiona nywele kwenye sahani ya jirani. Sasa kinyaa chenyewe kimemhamia mwilini, na yeye ni muuza chakula. Kila asubuhi alikuwa karibu na stesheni na karai lake la mikate ya kukaanga, ile ya mviringo ambayo wafanyakazi wa reli huinunua ikiwa moto. Nani atakula mkate wa mwanamke anayevuja usaha kwapani? Hata yeye asingeula. Kwa hiyo alinawa mpaka kwenye viwiko, akakanda unga kwa mkono wa kulia peke yake, na akafunga mdomo.

Hata mume wake Gaston hakumwambia. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mtoto wao Jessé anasoma Likasi, na bado hakumwambia. Bahati nzuri, alijisemea, wiki ile Gaston alikuwa amepangiwa ulinzi wa usiku kwenye dipo la treni. Mwanaume anayelala kazini haulizi kwa nini mke wake analala na blauzi mbili. Na kwa kweli Gaston alikuwa amebadilika kuwa mwema: chakula alichofungiwa kwenye gamelle, bakuli lake la bati lenye kifuniko, alikuwa akikimaliza chote, na gamelle yenyewe ilirudi imeoshwa, inang'aa. Clotilde aliguswa sana na jambo hilo. Alimsimulia hata Déborah.

Kilichomsumbua ni biashara. Tangu wiki iliyopita karai lilikuwa linarudi nyumbani nusu limejaa, na wateja wa siku zote walikuwa wakipita wakitazama upande wa pili wa reli, kana kwamba kule kuna kitu. "Leo tulisha kula kwetu, mama." Kila mtu na kwao. Alidhani ni ubaridi wa soko.

Basi siku hiyo ya kumi alitoka na simu yake mpaka kwa Mwila. Mwila alikuwa na meza, kompyuta na mashine ya fotokopi chini ya kibanda cha mabati kinachotazamana na ofisi za mkoa. Aliwachapia watu barua, na watu hao hao wakamletea matatizo ya simu zao, kwa sababu alikuwa na subira na mdomo mzito.

"Mama Mwila, telefone inakatala photo. Inasema iko plein. Lakini usiangarie ma-photo yangu, pardon."

"Yaya Clotilde, minyi sina njaa ya ma-photo ya bantu," Mwila alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima. "Leta."

Alianza na WhatsApp. Humo walikuta uchafu wa kawaida: maua, mishumaa, vikombe vya kahawa vyenye maneno ya Mungu, salamu za asubuhi kutoka kwa kwaya, kwa akina mama wa parokia, kwa ukoo mzima. Mwila alifuta mamia. Nafasi iliyopatikana haikutosha hata picha chache. Akatazama kwenye pipa la takataka za simu, ambako picha zilizofutwa hukaa kwa muda kabla ya kupotea kabisa. Lilikuwa tupu. Akafungua orodha inayoonyesha kila programu imekula kiasi gani, na hapo akaacha kutafuna ubani wake.

"Programme ya ma-photo inakula giga ine. Ulisha piga photo ngapi?"

"Haipite makumi sita."

"Makumi sita haiwezi kula hivi. Na mega zako za internet, zinaishaka mbio?"

"Naweka asubuhi, saa sita ya midi zinaisha. Nilizania banatuibia tu."

"Yaya, nitafungula. Haiko namna ingine."

Clotilde alikubali kwa kichwa. Mwila akafungua.

Zikamwagika. Mbuzi aliyechunwa, macho bado yako wazi. Kadi ya uchaguzi ya mzee fulani. Sahani ya bukari, ugali wa kwao, iliyoliwa nusu, mboga imetapakaa ukingoni. Mguu wa mtu, ukucha wa dole gumba umeoza mpaka mweusi. Mtoto mchanga juu ya poti. Maiti ya bibi kizee, pamba puani, na mkono wa mtu asiyeonekana ukiishika taya ili mdomo usifunguke. Kisha mwanamke kijana bila nguo, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, akitabasamu kwa mtu mmoja tu duniani. Mwila alipitisha kidole haraka.

"Ah, ile njo ya telefone," Clotilde alisema. "Ilikuya nayo."

Alikuwa ameziona siku za kwanza, akaziacha. Si ndivyo vitu vipya vinavyokuja? Ukinunua fremu sokoni, ndani unakuta familia ya watu usiowajua wanacheka. Huwaulizi ni akina nani. Simu nayo, aliamini, ilikuja na watu wake. Yeye picha zake alizitazama kwa kugusa kile kiduara cha pembeni ya kamera, na kule kwingine hakurudi tena, maana kulimtia kichefuchefu.

Mwila hakucheka. "Nani alikufungulia compte?"

"Jérémy wa pa gare. Siku aliniuzisha. Alisema bila compte haitumike."

Mwila alimwonyesha jina la akaunti. Lilikuwa jina la duka la simu la Jérémy pale stesheni, limeandikwa kwa herufi ndogo zilizoshikana. Picha zote za kila simu yenye akaunti ile zilikuwa zinapanda kwenye ghala moja la mtandaoni, na kutoka ghalani vivuli vyake vinashuka kwenye kila simu na kuijaza.

"Hii haiko ya weye," Mwila alisema polepole. "Iko ya bote yeye alibauzisha telefone. Unaona bya bantu, yaya. Sasa bantu banaona bya nani?"

Mwila alirudisha kidole juu, kwenye siku za karibuni, na kati ya yule mbuzi na harusi ya watu alikuwepo Clotilde mwenyewe. Siku ya kwanza, kwenye kioo, kabla hajajua namna ya kushika simu: uso wake mzima, mdomo wazi kidogo, ziwa limeshikwa kando kwa kitenge, na kidonda. Siku ya pili. Ya tatu, ambayo ilikuwa mbaya kuliko zote. Zote tisa zilikuwemo, na tarehe zake.

Halafu Jumapili ikamrudia: wakati wa kupeana amani kanisani, mama Kabedi, ambaye wamekaa benchi moja miaka sita, alimpungia mkono kutoka nusu mita. Clotilde akafikiri mwenzake ana mafua. Kumbe mafua ni yeye, Clotilde.

"Tuende kwa Jérémy," alisema.

Mwila alifunika mashine yake kwa turubai, wakaenda kwa miguu. Clotilde alitembea mbele, haraka, na pikipiki zikimpigia honi alizisonya.

Jérémy alikuwa chini ya mwavuli wake mkubwa, nyuma ya kisanduku cha kioo chenye chaja na vifuniko vya simu. Kijana wa karibu miaka thelathini, shati lake limepigwa pasi, kucha zake safi. Alipowaona alisimama, na Clotilde akaona macho yake yakienda kwapani kwake, yakarudi. Ilichukua muda mfupi sana. Ilitosha.

"Jérémy, ulisha kuona ma-photo yangu?"

"Mama Clotilde, bonjour kwanza."

"Ulisha kuona?"

"Mama, bote banaonaka bya bote," Jérémy alisema, na akaeleza kama mtu anayeeleza namna ya kuchemsha maji. Kufungua akaunti kunadai namba ya simu, namba inadai msimbo wa kuthibitisha, na ukifungua nyingi kwa siku moja mashine inakataa. Wateja wenyewe hawajui akaunti ni nini. Wao wanataka simu iwake waende zao. Basi alifungua moja ya duka, akaiweka kwenye simu zote tangu mwaka jana. "Ni service, mama. Bengine banaitishaka mali juu ya ile. Minyi, bure."

"Na hakuna muntu alilalamika?" Mwila aliuliza.

"Mmoja, wawili. Nilibaambia bazoee."

"Minyi sasa," Clotilde alisema. "Ulinionaka. Siku tisa. Unapita pa mbele yangu kila asubuhi. Ulishindwa kuniambia, mama, funga ile kintu?"

Jérémy alitazama chini, akapangusa kioo kwa kitambaa ingawa kilikuwa safi. "Nilisikia haya, mama. Nitaanza namna gani? Na kusema kweli, ile photo ya tatu ilinikatisha njaa. Njo maana niliachaka mikate yako. Pardon, lakini kwapa na mikate…"

Kijana huyu, ambaye kila asubuhi Clotilde alimwongezea mkate mmoja wa bure, wa matabishi, bila kuombwa, huyu ambaye ana picha ya taya ya bibi wa watu mfukoni mwake na anakunywa chai, huyu ndiye aliyeona kinyaa. Clotilde alitema mate chini, karibu na viatu vyake, kitu ambacho hajawahi kukifanya mbele ya watu maishani mwake.

"Tosha," alisema. "Tosha ma-photo yangu, uyafute. Sasa hivi."

"Ukifuta ku telefone moja, inafutika kwa bote," Jérémy alionya. "Mulinde tu musifute bya bantu bengine, bataniua."

"Ifutike kwa bote, njo vile tunataka," Mwila alimjibu, akavuta kiti na kukaa bila kukaribishwa.

Akaanza kuzichagua moja moja, Clotilde amesimama nyuma ya bega lake. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walipovuka ya nne walikuta picha ambazo si za kamera. Zilikuwa captures, picha za kioo cha simu, mazungumzo ya watu yaliyonaswa na kupanda ghalani pamoja na mengine yote. Ya kwanza ilitoka kwenye kikundi cha akina mama wa parokia, kikundi kingine, ambacho Clotilde hakujua kama kipo. Mama Kabedi alikuwa ameweka picha ya siku ya tatu, na chini yake ameandika: *Ba mama, muache mikate ya pa gare. Muangarie mukono gani inaikanda.* Chini yake, vikatuni kumi na vinne vya uso wa kijani unaotapika. Clotilde alivihesabu.

"Iko muzuri," alisema, ingawa hakuna kilichokuwa kizuri. "Endelea."

Mwila aliendelea. Kidole chake kilifika kwenye capture nyingine, kikasita, kisha kikaipita kwa haraka iliyozidi.

"Rudisha."

"Yaya, haiko ya maana."

"Mwila. Rudisha."

Ilikuwa mazungumzo ya watu wawili, yamenaswa na simu ya Yav, fundi mwenzake Gaston kwenye dipo, simu iliyonunuliwa kwa Jérémy kama ya Gaston mwenyewe, pengine ili awaonyeshe wengine kazini. Juu kabisa kulikuwa na jina la Gaston na picha yake ndogo, ile aliyopigwa siku ya ubatizo wa Jessé, tai imekaa upande. Chini yake, siku ya tatu, kidonda kizima. Kisha maneno.

*Yav, angaria kintu nimekuta mu telefone. Ni bibi yangu, mama Jessé. Hii inaambukiza?*

*Hama kwanza, ndugu yangu. Kuya ulale huku ku dépôt. Sema uko wa garde ya usiku.*

*Njo vile nitafanya. Kinyaa, Yav. Siwezi tena kula kintu ya mukono yake. Gamelle nitapatia ba mbwa.*

Clotilde alisoma mara moja tu. Hakuhitaji ya pili. Alimwona mume wake akichutama nyuma ya mabehewa, akimwaga bukari na samaki aliyepikiwa mbele ya mbwa wa dipo, akingoja walambe, halafu anakwenda bombani kuosha gamelle kwa uangalifu ili irudi inang'aa. Kumwaga tu kungekuwa kitu kingine. Huko kuosha ndiko asikoweza kukusamehe.

"Futa nayo," alisema.

Mwila alifuta, akatoa akaunti ya Jérémy kwenye simu, akafungua mpya kwa namba ya Clotilde mwenyewe, peke yake. Giga nne zikaachia kwa mara moja. Ilichukua robo saa, na kwa robo saa yote Jérémy aliendelea kupangusa kioo chake.

"Yaya, nikuambie kweli," Mwila alisema walipokuwa wakiagana. "Mu compte imetoka. Lakini muntu aliisha kuikamata mu telefone yake, iko nayo."

"Najua," Clotilde alisema. "Aksanti, mama Mwila."

Saa tisa alasiri aliingia nyumbani. Gaston alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa chumba, anafunga kamba za viatu, na gamelle ya chakula alichopikiwa asubuhi iko miguuni pake tayari kusafiri. Mwanaume mrefu, mwenye mvi mbili tatu, mwenye sauti ya upole. Clotilde alikuwa ameipenda sauti ile.

"Mama Jessé, ulichelewa. Minyi naenda. Garde."

"Garde itangoja." Alifunga mlango wa nje. Hakupandisha sauti, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. "Leo iko siku ya kumi. Déborah anangoja photo ya mwisho, aionyeshe docteur. Minyi peke yangu sipate muzuri. Utanipiga weye."

"Photo ya nini?"

Swali hilo, na uso ule wa mtu asiyejua kitu. Clotilde alivua blauzi ya kwanza. Akavua ya pili. Akabandua plasta, akaitoa chachi na kuiweka juu ya meza, upande wenye uchafu ukiwa juu, mahali ambapo Gaston hula. Miaka kumi na tisa hajawahi kuweka kitu kichafu juu ya meza ile. Kisha akamwekea simu mkononi, akasimama mbele ya dirisha lisilofunikwa na chochote, akainua mkono juu ya kichwa.

Gaston alitazama simu. Akatazama mlango. Pua yake ilikunjamana, akajilazimisha kuinyoosha, ikakunjamana tena yenyewe. Sasa alijua kwamba mke wake anajua. Lakini hakusema pole, hakusema nisamehe, hakuuliza inauma wapi. Aliinua simu mbele ya uso wake, ikalia mlio mdogo.

"Njo hii," alisema, akimrudishia kwa kunyoosha mkono mzima, kwa ncha za vidole viwili.

Clotilde aliitazama picha. Ilionyesha fremu ya dirisha, kipande cha ukuta, na ncha ya kiwiko chake. Gaston alikuwa amefumba macho. Siku kumi Clotilde alijionea kinyaa yeye, mwili wake, ngozi yake aliyopewa na mama yake. Aliomba radhi kimoyomoyo kwa kila mkate aliouza. Sasa alimtazama mwanaume huyu na viatu vyake vilivyofungwa vizuri, na kile kinyaa chote kikamtoka mwilini, kikaenda kukaa pale kwenye kiti.

Alimrudishia simu.

"Rudia," alimwambia. "Na ufungule macho."

Mkono wake ulikuwa umechoka, lakini hakuushusha.